Uthibitisho wa Sakafu Mbichi

Sifuri ya kwanza nilidhani ni ya mtu mwingine. Niliigeuza karatasi, nikasoma namba ya usajili, nikaisoma tena, nikakuta ni yangu mwenyewe. Mimi, ambaye tangu shule ya msingi nilikuwa nikiitwa Kikokotoo, kwa sababu mwalimu alipokuwa anamalizia kuandika swali ubaoni mimi nilikuwa nimeshaandika jibu. Jina hilo nilikuja nalo hadi chuoni, na sikuona haya kujitambulisha nalo.

Swali lenyewe lilikuwa jepesi. Tuthibitishe kwamba ukijumlisha namba mbili witiri zozote, zile zisizogawanyika kwa mbili, unapata namba shufwa. Nikaandika tatu na tano ni nane, saba na tisa ni kumi na sita, nikaendelea hivyo hadi nikajaza ukurasa na nusu. Mifano arobaini, yote sahihi. Chini yake mwalimu alikuwa ameandika kwa wino wa kijani: "Umenionyesha arobaini. Zilizobaki je?"

Zilizobaki hazina mwisho, mtu mzima mwenye akili zake anajua hivyo. Nilimwona ni mtu wa kutafuta ugomvi tu.

Somo lilikuwa hisabati ya vitu vinavyohesabika kimoja kimoja: watu, milango, njia, makundi, hatua. Nililichagua nikidhani ni kuhesabu, na kuhesabu ndiko nilikozaliwa nako. Kumbe humo ndani hakuna anayekuuliza ni ngapi. Wanakuuliza umejuaje. Mwalimu wetu alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka hamsini na kitu, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba, hana haraka na mtu, na neno lake lilikuwa moja. Ndiyo maana tukamwita Bi Thibitisha. Ukimwambia kumekucha, atataka hoja.

Lakini nikisema kweli, kuna siku aliniteka. Aliingia darasani, akatuhesabu kimya kimya, tukawa kumi na watatu tuliowahi, akasema humu ndani kuna angalau wawili waliozaliwa mwezi mmoja na hana haja ya kumuuliza mtu. Tukaulizana, tukawakuta. Miezi ni kumi na miwili, sisi kumi na watatu, hatukuwa na pa kukimbilia. Nilishinda na jambo hilo siku nzima, hata chakula sikukisikia ladha. Alikuwa ametujua bila kutujua. Niliutaka uwezo huo kuliko nilivyozitaka maksi, ila sikujua mtu anauanzia wapi.

Kutaka peke yake hakukunisaidia. Nilianguka mtihani wa mwisho wa mwaka, nikapewa marudio, na marudio ya Bi Thibitisha hayakuwa ya karatasi. Yalikuwa ya mdomo, mbele ya walimu watatu. Unakuja na dai moja, lako mwenyewe, lisilotoka kitabuni, kuhusu kitu unachoweza kukigusa kwa mkono. Unalithibitisha, kisha unalitetea mpaka wao wachoke kuuliza. Ukifaulu unaingia mwaka wa pili. Ukishindwa unafungasha virago na nafasi yako anapewa mwingine. Nilikuwa na wiki mbili.

Hapa lazima niseme jambo ambalo wakati huo sikumwambia mtu yeyote. Mfanya usafi wa ghorofa ya pili katika jengo letu la hisabati alikuwa mama yangu. Alikuwa amefanya kazi pale miaka saba kabla sijafika. Barua yangu ya kukubaliwa chuoni ilipokuja, yeye ndiye aliyekaa chini kwa furaha, mimi nimesimama. Kisha, wiki ya kwanza ya masomo, nilikuwa natoka darasani na wenzangu, tunacheka, nikamwona anakuja mbele yetu na ndoo yake na ovaroli ya kijivu, uso umeshaanza kufunguka. Nikamwahi. Nikamwambia, "Shikamoo," kwa sauti ile unayompa mtu mzima yeyote unayepishana naye, nikapita.

"Marahaba, mwanangu," akajibu, kama ambavyo mtu mzima yeyote angejibu.

Jioni nyumbani hakuna aliyeligusa. Kesho yake hakunitazama, na kuanzia hapo ikawa ndiyo taratibu yetu: chuoni tunapishana kama watu wasiojuana, nyumbani tunagombania blanketi. Nilimwonea haya mama yangu, kisha nikajionea haya mimi kwa kumwonea haya yeye, na mwaka mzima ukapita hivyo hivyo.

Siku ya tatu ya zile wiki mbili nilikuwa nimekaa mezani na karatasi tupu, Mama anashona kifungo cha ovaroli. Akaniuliza kinachonisumbua. Nikamweleza. Akafikiri, akasema yeye hana elimu hiyo, lakini kuna jambo moja analolijua kwa uhakika, nalo ni kupiga deki. Mgeni wa kazi hudeki akienda mbele, akigeuka anakutana na nyayo zake mwenyewe. Yeye hudeki akirudi kinyumenyume, kwa hiyo siku zote anasimama pakavu. Mahali korido zinapokutana, kama anajua atapita tena, huacha kipande kikavu cha kukanyaga, akakifuta mara ya mwisho anapoondoka. Anaanzia mlangoni mwa stoo, anapita kila korido mara moja, mara moja tu, anamalizia mlangoni mwa stoo ile ile, na ndoo yake mkononi.

"Mwaka wa nane huu," alisema, akakata uzi kwa meno. "Sijawahi kukanyaga sakafu yangu ikiwa mbichi."

Nilipata dai langu kabla hajakunja ile ovaroli. Ningedai kwamba njia hiyo ipo, na ningeichora. Bi Thibitisha mwenyewe alishatufundisha kwamba ukisema kitu kipo, kukionyesha kimoja kunatosha. Hapo hakuulizi zilizobaki. Nikaona marudio yangu yamekwisha.

Kesho yake nilisimama mbele ya ile picha ya jengo iliyotundikwa karibu na ngazi, inayoonyesha watu wakimbilie wapi moto ukitokea, nikainakili. Ghorofa ya pili si ngumu. Korido moja inazunguka pande zote nne, na nyingine inakata katikati, kutoka upande wa juu hadi upande wa chini wa picha, ghorofa nzima ikawa kama namba nane ya kwenye saa ya umeme, iliyolazwa ubavu. Stoo iko kwenye kona moja. Pembeni yake kuna ngazi, ni hizo tu, na zina mfanya usafi wake, mwanamke mcheshi tuliyemwita Mama Ngazi. Makutano ni mawili: moja juu, inapoanzia korido ya kati, na moja chini, inapoishia. Nikayaandika Juu na Chini, nikaanza kutafuta njia ya Mama.

Haikutokea. Nikitoka stoo kushoto nakwama, nikitoka kulia nakwama. Ama narudi stoo na kuna kipande sijakipita, ama kipande cha kurudi stoo sijakigusa na nimesimama kwenye makutano, sakafu mbichi pande zote, kama paka aliyepanda juu ya kabati. Nikafanya kama Kikokotoo: nikaziorodhesha njia zote zinazowezekana. Zilikuwa nane. Nikazijaribu zote nane, zote zikakwama. Safari hii hapakuwa na zilizobaki. Haiwezekani, basi.

Kwa kawaida ningeishia hapo. Jibu nilikuwa nalo. Lakini kitu kilikuwa kinaniwasha: kwa nini kila ninapokwama kabla ya kurudi stoo ni Juu au ni Chini, na kamwe si kwenye kona? Nikaweka kidole juu ya makutano ya Juu na kuhesabu korido zinazofika pale. Tatu. Nikifika kwa moja, natoka kwa nyingine, hizo mbili zimekwisha. Nikifika kwa ya tatu, sina pa kutokea. Kwenye kona zinafika mbili: naingia, natoka, nimemaliza. Kuingia na kutoka huenda kwa jozi. Mahali popote usipoanzia wala kuishia, korido zake lazima ziwe shufwa, na Juu na Chini zina tatu tatu.

Niliweka kalamu chini. Sikuwa nimesema kitu kuhusu jengo letu peke yake. Hospitali yenye korido elfu moja, hoteli ambayo sijawahi kuiona, jengo ambalo bado halijajengwa: nionyeshe tu makutano yenye korido witiri nami nitakwambia mfanya usafi wake hawezi kurudi stoo bila kukanyaga pabichi. Nilicheka peke yangu mezani. Kwa mara ya kwanza nilikuwa ninajua kitu, si kukipata tu.

Jioni nikampa Mama habari. Nikamwambia kile anachokifanya kila siku hakiwezekani.

"Basi kesho nisiende kazini," akasema, akacheka mpaka akaweka kijiko mezani.

Nikamwonyesha mchoro. Alinifuata kwa kidole, taratibu, kaingia hapa, katoka hapa, kaingia hapa. Mwisho akakubali kwamba hoja yangu haina tundu. Ila yeye anafanya. Nikamwambia aniambie anafanyaje, akakataa.

"Nikikwambia mimi, utafaulu kwa mdomo wangu," akasema. "Mwalimu wako anautaka wa kwako."

Nilinuna hadi asubuhi. Mama yangu mwenyewe, siku kumi kabla sijafukuzwa chuo, ananifanyia mafumbo. Lakini kununa nako kunachosha, na ule muwasho haukuondoka. Mambo mawili yalikuwa mbele yangu, yote ya kweli, na hayakai nyumba moja. Kuingia na kutoka huenda kwa jozi. Mama anarudi stoo bila kukanyaga pabichi.

Nikaanza na lililo rahisi: pengine kuna korido anayoiruka. Nikawahi chuoni mlango unapofunguliwa, nikapita ghorofa nzima nikiwa nimejibana ukutani. Zote zilikuwa na unyevu, pande nne na katikati, na hapakuwa na alama ya kiatu. Mama Ngazi aliniona, akaniuliza kama nimepoteza hereni au akili. Pengine anashuka na kupanda tena mahali pengine? Ngazi ni moja, na iko mlangoni mwa stoo. Pengine anasema uongo? Hilo nililiweka mezani kwa sababu Bi Thibitisha angeliweka, nikalitazama, nikaliondoa. Mama yangu hudanganya kuhusu maumivu ya mgongo na kuhusu nani aliyemaliza sukari. Kuhusu kazi yake, hapana.

Nilikwenda kukaa kwenye ngazi za maktaba nikautazama mchoro hadi mistari ikaanza kucheza. Ndipo nikaona. Hoja yangu haikuwa ya jengo. Ilikuwa ya picha ya jengo, ile ya moto, ambayo niliinakili bila kuitilia shaka kwa sababu ilikuwa na fremu na kioo. Kama hoja ni nzima na Mama ni mkweli, basi picha ndiyo pungufu. Kuna njia haimo.

Mwili ulinisisimka, kwa sababu hoja haikunyamaza hapo. Iliendelea kusema. Juu inapungukiwa na njia moja, Chini inapungukiwa na njia moja. Hiyo isiyoonekana ikitokea mahali pengine, tuseme katikati ya korido, itazaa makutano mapya yenye njia tatu na taabu ni ile ile. Kwa hiyo ncha yake moja iko Juu na nyingine iko Chini. Nilikuwa nimekaa nje, jua linanipiga, sijagusa ukuta wala kitasa, na nilijua penye mlango.

Nilipanda ngazi mbili mbili. Pale Chini, pembeni kabisa ya mdomo wa korido ya kati, palikuwa na mlango usio na kitasa, umepakwa rangi ile ile ya ukuta. Nilikuwa nimeupita mwaka mzima. Nikakimbilia Juu. Pale pale ilipotakiwa kuwa, palikuwa na mlango mwingine, na huo niliujua vizuri, maana una kibao chenye jina. Ni ofisi ya Bi Thibitisha. Niliwahi kuingia humo mara moja, kuombea maksi, nikafukuzwa kwa adabu. Ofisi ndefu nyembamba, inakwenda sambamba na korido ya kati. Nikakumbuka kwamba siku ile nilijiuliza kwa nini kabati lake la vitabu, kule mwisho, limewekwa hatua moja mbele ya ukuta badala ya kuuegemea.

Sikubisha hodi. Nilirudi nyumbani nikabadilisha dai.

Jioni ya mwisho kabla ya mtihani nilimwambia Mama nimeupata. Akauliza nini. Nikamjibu kwamba nikimwambia mimi atakuwa amejua kwa mdomo wangu, akanirushia kitambaa cha meza. Halafu akaacha kucheka. Akaniuliza kama nimefikiria watakachouliza. Watataka kujua habari za deki nilizitoa wapi.

"Waambie mfanya usafi mmoja alikwambia," akasema, anapanga vikombe, hanitazami. "Inatosha hivyo. Usijitie matatani na wenzako."

Nilisema haya, nikaenda kulala, na usingizi ulichukua muda wake kuja.

Mtihani ulifanyika ofisini kwa Bi Thibitisha. Walimu walikaa upande mmoja wa meza. Katikati alikaa mkuu wa idara, mwanamume mnene mwenye mafua na leso kubwa. Kushoto kwake alikaa mwalimu kijana wa takwimu, ambaye kazi yake ilikuwa kuandika. Kulia alikaa mwenyewe, miwani kifuani. Nyuma yao, kule mwisho wa chumba, lile kabati. Nikachora namba nane yangu kwenye ubao mdogo.

Nikasema ninadai kwamba ghorofa hii ina njia ambayo haimo kwenye picha ya jengo, na kwamba ncha zake ziko Juu na Chini. Mkuu wa idara alipenga kamasi, akanieleza kwa upole kwamba amefanya kazi kwenye ghorofa hii miaka kumi na tisa, akauliza hiyo njia iko wapi.

"Tumekaa ndani yake, Mwalimu," nikasema.

Kijana wa takwimu akatazama chini ya kiti chake. Bi Thibitisha akavaa miwani.

Nikawapitisha kwenye hoja, hatua kwa hatua: mfanya usafi anatoka stoo, anapita kila korido mara moja, hakanyagi pabichi, anarudi stoo. Kuingia na kutoka huenda kwa jozi. Juu tatu, Chini tatu. Waliuliza, nikajibu. Kisha Bi Thibitisha akauliza swali ambalo sikuwa nimeliota: vipi kama njia zilizofichwa si moja, ni mbili au tatu, zinapokezana? Ilinibidi nirudi nyuma. Nikasema basi ninadai pungufu ya nilivyodai mwanzo. Ziwe njia moja au tano, lazima kuna njia nisiyoijua inayofunguka Juu, na lazima kuna inayofunguka Chini. Hilo ninalithibitisha. Kwamba zinaunganika humu ofisini sijalithibitisha, ninalikisia kwa sababu ya kabati. Niliona kalamu ya kijani inaandika kitu.

Mkuu wa idara alikuwa amekunja mikono. Alisema hoja ni nzuri, anakiri, lakini yote imening'inia kwenye msumari mmoja. Nani amesema kwamba sakafu hii inadekiwa hivyo? Nikasema nimekuja asubuhi nikaona korido zote mbichi na hakuna nyayo. Akasema sakafu hukauka, nyayo hufutika, hilo halitoshi. Nikasema mfanya usafi mmoja aliniambia.

"Wafanya usafi husema mengi," akasema.

Bi Thibitisha akainua mkono kumnyamazisha, akanigeukia. Sauti yake haikuwa kali.

"Dhana ya kwanza haithibitishwi," alisema. "Hiyo ndiyo unayoanzia. Lakini haiwezi kuwa ya mtu fulani. Lazima iwe na mwenyewe, mtu anayesimama nayo. Hii ni ya nani?"

Nilijua ninachotakiwa kujibu, na nilijua kwamba nje, kwenye mabenchi ya korido, wenzangu sita wanangoja zamu zao, na kwamba habari za chumba hiki zitafika kwenye mabenchi hayo kabla sijafika mimi. Mama alikuwa amenipa mlango wa kutokea. Ningeweza kusema ni yule wa ovaroli ya kijivu, simjui jina. Hoja ingebaki na tundu, mimi ningebaki na heshima yangu, na nafasi yangu ingekwenda. Lakini sitaki kujisifu kwamba niliwaza nafasi. Niliwaza yale maneno, wafanya usafi husema mengi, na damu ikanichemka.

"Ni ya mama yangu," nikasema. "Ndiye anayedeki ghorofa hii, mwaka wa nane sasa. Akisema hakanyagi pabichi, hakanyagi. Nasimama nayo."

Kijana wa takwimu aliacha kuandika. Bi Thibitisha alinitazama usoni, kama mtu anayelinganisha uso na uso mwingine anaoujua. Akainuka, akaenda hadi mwisho wa chumba, akapita ubavuni mwa kabati, akatoweka nyuma yake. Tukasikia ufunguo. Mwanga wa korido ukaingia ukalala sakafuni.

Akiwa huko huko nyuma alieleza kwamba miaka sita iliyopita alimkuta mfanya usafi wa ghorofa amesimama pale nje na ndoo, anasubiri sakafu ikauke ili apite. Aliuliza kwa nini, akaelezwa, akarudi mezani akachora. Siku iliyofuata alilisogeza kabati, akampa ufunguo. Kila asubuhi huwa anapita hapa. Wakati mwingine mwalimu mwenyewe huwa amewahi, wanakunywa chai.

"Dai limesimama," akasema, akarudi kukaa. Mkuu wa idara alipenga kamasi mara ya mwisho, akatia sahihi, akauliza kama anaruhusiwa kupita kule nyuma naye aone. Hakukuwa na aliyemkataza.

Mimi nilitangulia. Nilipita nyuma ya kabati nikatokea Chini, kwenye mlango nilioudhani ukuta. Mama alikuwa hapo hapo, yeye na Mama Ngazi, wanafuta vioo vya madirisha. Mabenchi yalikuwa hatua kumi kutoka pale, wenzangu wote sita wamekaa na karatasi zao.

"Mama," nikaita.

Sikuita kwa kunong'ona. Mabenchi yote yaligeuka. Yeye hakunitazama mimi kwanza. Aliwatazama wao, haraka, kama mtu anayetaka kujua amwage maji wapi yasimrukie mtu. Halafu akanitazama.

"Wamekupa?" akauliza, sauti ya chini.

"Wamenipa, Mama."

Alikaza kitambaa mkononi mpaka kikachuruzika. Nilimfikia nikamshika mkono, wenye povu vile vile, na hapo ndipo machozi yaliponitoka, sikuyaficha. Mama Ngazi alikuwa ameshuka kwenye kigoda. Alinikagua kuanzia viatu hadi nywele, mimi ambaye alikuwa ananiona kila siku ya Mungu kwenye ngazi zake, kisha akamgeukia mwenzake.

"Binti yako si ulituambia anasoma mbali?"

"Mbali sana," Mama akasema.

"Amerudi lini?"

Mama alinifuta shavu kwa mkono wa ovaroli, mbele ya korido nzima.

"Leo," akasema.